Sifuri Ndiyo Ghali

Ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, karibu kila kitu kinachotumiwa na zaidi ya mmoja kimebandikwa namba ubavuni. Faili lililofunguliwa linayo, soketi inayo, ukurasa wa kumbukumbu unayo, hata jina la saraka lililohifadhiwa kwenye kache (hifadhi ya muda ya haraka) linayo. Namba hiyo inasema ni wangapi wanaokishikilia kitu kile kwa sasa. Anayekuja huongeza moja, anayeondoka hupunguza moja, na yule ambaye upunguzaji wake umeifikisha sifuri ndiye mwenye jukumu la kukivunja kitu na kuirudisha kumbukumbu yake. George Collins aliieleza mbinu hii ya kuhesabu marejeo (kila anayeshika kitu ana rejeo moja) mwaka 1960, alipokuwa akishughulikia orodha zinazochangia sehemu zao. Umbo lake halijabadilika tangu hapo: ongeza, punguza, angalia sifuri.

Naipenda mada hii kuliko nyingi katika uandishi wa mifumo, kwa kuwa hapa ndipo msimbo wa mistari mitatu unapoweza kuilemaza mashine ya kori 128 (kori ni kitengo kimoja cha kuchakata ndani ya prosesa). Na kadiri ninavyoisoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba ugumu wake hauko kwenye kuhesabu. Kori hata zikiwa elfu moja zinaweza kuhesabu bila kusumbuana. Kilicho kigumu ni kuijua sifuri: kuijua kwa uhakika, na kuijua upesi. Karibu kila mbinu iliyobuniwa kwa miaka ishirini iliyopita ni namna ya kuamua nani ailipie sifuri, na ailipie lini.

Tuanze na vifaa, maana bila kuvielewa mengine yote yataonekana kama ubishi wa wanazuoni. Kila kori ina kache yake, na data husafiri kati ya kache hizo kwa vipande vya baiti 64 kwenye prosesa za x86. Kanuni za kulinganisha kache, nyingi zikiwa za ukoo wa MESI, huruhusu kori nyingi kushika nakala ya kipande kilekile mradi zote zinasoma tu. Mojawapo ikitaka kuandika, nakala za wenzake zote hubatilishwa kwanza, na kipande kikawa chake peke yake. Agizo la kiatomi, yaani linalosoma na kuandika kwa pigo moja lisilokatizwa, kama lock xadd, haliwezi kulikwepa sharti hilo. Likikuta kipande tayari kiko kwenye kache ya kori yake, linamaliza kwa mizunguko michache ya saa, kama ishirini hivi. Likikuta kipande kimeshikwa na kori nyingine, hasa iliyo kwenye chipu nyingine, linaweza kusubiri mizunguko mamia.

Sasa fikiria kori 48 zinazotaka kuongeza namba ileile kwa wakati mmoja. Ni daftari moja la mahudhurio kwenye ukumbi wenye milango 48: kuandika jina ni sekunde moja, kulifikia daftari ndiko kunakomaliza siku. Ukiandika programu ndogo ambamo nyuzi kadhaa, yaani mikondo ya kazi inayokwenda sambamba, zinaongeza kihesabu kimoja cha kiatomi, utaona jumla ya maongezo kwa sekunde haipandi unapozidisha nyuzi. Mara nyingi inashuka hata chini ya ile uliyoipata kwa uzi mmoja. Namshauri kila anayejifunza kerneli alifanye jaribio hili mwenyewe, kwa sababu kusoma kwamba jambo fulani ni zito hakulingani na kuiona grafu ikiinama mbele ya macho yako.

Na madhara hayaishii kwenye namba yenyewe. Katika zile baiti 64 kihesabu hukaa na majirani, mara nyingi vielekezi (anwani za kumbukumbu) ambavyo kila mtu huvisoma na karibu hakuna anayevibadilisha. Msomaji asiye na haja kabisa na hesabu anaburutwa kwenye foleni ileile, kwa kuwa kipande chote kimebatilishwa kwa ajili ya namba moja.

Mwaka 2010 kundi la watafiti wa MIT, wakiwemo Silas Boyd-Wickizer, Austin Clements, Frans Kaashoek, Robert Morris na Nickolai Zeldovich, waliiweka Linux kwenye mashine ya kori 48 wakaipitishia programu saba za kweli, zikiwemo Exim, memcached, Apache na PostgreSQL. Walitaka kujua kama umbo la kawaida la kerneli lingeweza kuhimili kori nyingi au lilihitaji kutupwa. Jibu lao lilikuwa kwamba bado hakuna sababu ya kulitupa: kwa viraka 16 vikwazo vingi vya kerneli viliondoka. Miongoni mwa vikwazo hivyo vilikuwamo vihesabu vya marejeo. Kuna kile cha dentry, yaani kumbukumbu ya jina la faili au saraka. Kuna cha mfumo wa faili uliopachikwa. Kuna cha dst_entry, ambacho hushika njia ya pakiti za mtandao. Hivi ni vitu ambavyo hakuna aliyekuwa akivibadilisha. Kori zote zilikuwa zikivisoma tu, ila kila usomaji ulidai kwanza kuandika: niongeze mimi, kisha nipunguze mimi. Kufungua faili moja lililo chini kwenye mti wa saraka kuligusa kihesabu cha kila saraka njiani, kuanzia mzizi, na mzizi ni wa wote.

Dawa waliyoitumia ni kihesabu kinachokubali kutokuwa sahihi kwa muda. Kuna namba ya kati, na kila kori ina akiba yake ya marejeo yasiyotumika. Kori ikihitaji rejeo huchukua kwenye akiba yake bila kumgusa mtu, na ikimaliza hurudisha palepale. Akiba ikiisha ndipo inapoiendea namba ya kati, na ikizidi kiasi ndipo inapoirudisha huko. Namba ya kati siku zote ni sawa na marejeo yanayotumika ukijumlisha na akiba zote. Kwa hiyo haiwezi kusema sifuri ilhali kuna mtu bado ameshika kitu. Inaweza tu kukawia kuisema. Ukitaka kujua ukweli kamili unalazimika kuzipitia kori zote na kukusanya akiba zao, na hiyo ni kazi nzito. Watafiti wenyewe waliiona mbinu hii inafaa kwa vitu ambavyo havivunjwi mara kwa mara.

Msomaji makini atauliza: kwa nini akiba? Kwa nini kila kori isiwe na kihesabu chake tu, iongeze na kupunguza hapohapo, na anayetaka jumla azijumlishe? Swali hili linastahili jibu refu, maana ndani yake mna mtego ambao watu wazima wameuangukia.

Kwanza, rejeo linaweza kuchukuliwa kwenye kori moja na kuachwa kwenye nyingine, kwa kuwa nyuzi huhamishwa. Kwa hiyo kihesabu cha kori moja kinaweza kuwa hasi, na namba yake peke yake haina maana yoyote. Ni jumla tu yenye maana. Lakini jumla haisomwi kwa pigo moja. Chukua kori mbili, A na B. Kihesabu cha A kina 1, cha B kina 0, na ukweli ni kwamba kuna mshikaji mmoja. Mkaguzi anaanza na B, anaona 0. Kabla hajafika A, uzi ulio B unachukua rejeo jipya kutoka kwa yule mshikaji, na B inakuwa 1. Kisha mshikaji wa kwanza anaachia kwenye A, na A inakuwa 0. Mkaguzi anafika A, anaona 0. Anajumlisha: sifuri. Anakivunja kitu. Hakuna hata nukta moja ya wakati ambapo idadi ya kweli ilikuwa sifuri. Ilikuwa 1, ikawa 2, ikarudi 1. Uzi ulio B sasa umeshika kielekezi cha kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa, na kosa la namna hiyo hujitokeza siku nyingine kabisa, mahali pengine kabisa, likiwa na sura ya kitu kingine.

Kila mbinu nzuri baada ya hapo imelazimika kuujibu mfano huu. Majibu mawili nayaona ni ya kupendeza.

La kwanza ni percpu_ref, lililoandikwa na Kent Overstreet na kuingia Linux mwaka 2013. Linakwepa swali la sifuri kwa kulipiga marufuku kwa muda. Kitu kinapozaliwa, muumba wake hushika rejeo la kwanza na haliachi. Maadamu rejeo hilo lipo, idadi haiwezi kuwa sifuri, kwa hiyo hakuna haja ya kuikagua, na kori zote huongeza na kupunguza kwenye vihesabu vyao bila agizo la kiatomi hata moja. Siku mwenye kitu anapotaka kukifunga, huita percpu_ref_kill. Hapo kihesabu hubadilisha hali: kori zote hutangaziwa kwamba kuanzia sasa zitumie namba moja ya kiatomi, na kerneli husubiri mpaka iwe na hakika kwamba hakuna kori inayoendelea kuandika kwa utaratibu wa zamani. Ndipo vihesabu vya kori hujumlishwa na kuingizwa kwenye namba hiyo ya pamoja. Ili namba isiguse sifuri kwa bahati mbaya katikati ya ujumlishaji, tangu mwanzo huwa imewekewa nyongeza kubwa mno, biti ya juu kabisa, inayotolewa jumla ikishakamilika. Kuanzia hapo ni kihesabu cha Collins tu, kinachoshuka polepole hadi mwisho.

Uzuri wa percpu_ref ni kwamba imekubali ukweli kuhusu maisha ya vitu vingi vya kerneli: huishi muda mrefu, hutumiwa sana, kisha kuna siku moja inayojulikana ambapo mtu anaamua vife. Vikundi vya cgroup, ambavyo hugawia programu rasilimali, viko hivyo, na foleni za diski pia. Lakini dentry haiko hivyo. Hakuna anayetangaza kifo cha dentry, inafifia tu. Tena kuna gharama ya nafasi. Kihesabu cha baiti 8 kwa kila kori, kwenye mashine ya kori 128, ni baiti 1,024 kwa kitu kimoja. Kache ikiwa na dentry milioni moja, vihesabu pekee vitakula takriban gigabaiti nzima.

Jibu la pili linaitwa Refcache, nalo linatoka kwa Clements, Kaashoek na Zeldovich, katika kazi yao ya mwaka 2013 kuhusu mfumo wa kumbukumbu uitwao RadixVM, uliopimwa hadi kori 80. Hapa kitu kina namba moja tu, na kila kori ina kijedwali kidogo cha mabadiliko: kwa kitu hiki nimeongeza mbili, kwa kile nimepunguza moja. Ongezo na punguzo la kitu kilekile kwenye kori moja hufutana humohumo bila kutoka nje. Kila baada ya kipindi kifupi kori humwaga kijedwali chake kwenye namba halisi za vitu. Gharama ya nafasi sasa inafuata ukubwa wa vijedwali, haifuati idadi ya vitu vyote ikizidishwa kwa kori.

Na sifuri je? Namba halisi ikigusa sifuri wakati wa kumwaga, hakuna anayeiamini. Pengine kori nyingine ina ongezo ambalo bado halijamwagwa. Kitu kinaingizwa kwenye foleni ya kuangaliwa upya, kisha inasubiriwa hadi kila kori iwe imemwaga kilicho chake. Ikiwa katika kipindi chote hicho namba haikuondoka kwenye sifuri, kitu kinavunjwa. Ikiwa iliondoka ikarudi, kinaanza kusubiri upya. Ule mfano wa A na B hauna nafasi hapa, kwa kuwa ongezo la B litamwagwa kabla hukumu haijatolewa. Bei ni kwamba kumbukumbu inakaa bure kwa muda kidogo baada ya mtu wa mwisho kuondoka. Kwangu hiyo ni biashara nzuri, ila si kwa kila kitu. Mtu aliyefunga soketi akitegemea mlango wake wa mtandao uwe huru papo hapo hatafurahia kusubiri.

Hata hivyo, kazi iliyoleta nafuu kubwa kuliko zote kwenye Linux, kwa maoni yangu, ni ile ya kuacha kuhesabu. RCU (read-copy-update) iliingia kwenye kerneli hiyo mwaka 2002, na Paul McKenney ndiye aliyeishughulikia kuliko mtu mwingine yeyote. Msomaji haandiki chochote kwenye kitu anachokisoma. Anayetaka kukivunja hukiondoa kwanza kwenye orodha ili wapya wasikipate, kisha husubiri mpaka wasomaji wote waliokuwapo wamalize, ndipo huachilia kumbukumbu. Sifuri hapa imeacha kuwa swali la kitu kimoja kimoja. Inaulizwa mara moja kwa mfumo mzima, na jibu moja linatosha kuvunja maelfu ya vitu kwa pamoja.

Mwaka 2011, kwenye toleo la 2.6.38, kazi ya Nick Piggin iliipeleka njia hii kwenye utafutaji wa majina ya faili. Kerneli ikaanza kuupita mti wa saraka bila kuongeza kihesabu chochote njiani. Inasoma tu, ikithibitisha kwa namba za mfuatano kwamba hakuna kilichobadilika nyuma yake, na inachukua rejeo mwishoni kabisa, kwenye faili lenyewe. Hata hilo la mwisho lilibaki na uzito wake, na mwaka 2013 likaja lockref, wazo lililoanzishwa na Waiman Long na kuandikwa upya na Linus Torvalds, linaloweka kufuli na kihesabu ndani ya neno moja la biti 64 ili vibadilishwe kwa agizo moja iwapo hakuna aliyefunga.

RCU na kuhesabu hukutana katika swali moja gumu. Umekisoma kitu kwenye orodha bila kukihesabu, sasa unataka kukishika kwa muda mrefu. Je, bado kiko hai? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa operesheni ya "ongeza isipokuwa ni sifuri": soma namba, hakikisha si sifuri, jaribu kuibadilisha, na ukikuta mwenzako amekutangulia rudia tangu mwanzo. Kori zikiwa nyingi, marudio haya huzaliana. Kila anayeshindwa anakivuta tena kile kipande cha baiti 64, na kumchelewesha aliyekaribia kushinda. Mwaka 2023 Thomas Gleixner aliingiza rcuref, ambayo huongeza bila masharti kwa agizo moja kisha ndiyo hutazama ilipoangukia. Namba zote za biti 32 zimegawanywa kanda: kanda ya walio hai, kanda ya waliozidi kiasi, kanda ya wafu. Ukiangukia kwa wafu unajua umechelewa, na ongezo lako halikumfufua mtu, kwa sababu kanda ile ni pana mno kiasi kwamba maongezo machache ya waliochelewa hayawezi kuivuka. Matumizi yake ya kwanza yalikuwa kwenye dst_entry, kitu kilekile kilichotajwa mwaka 2010. Baadaye wazo hilohilo lilipelekwa kwenye faili zilizofunguliwa, katika kazi ya Christian Brauner.

Hizo kanda zinanikumbusha upande wa usalama, ambao siwezi kuupita kimya. Kihesabu cha biti 32 kina mwisho. Mwezi Januari 2016 ilitangazwa kasoro ya CVE-2016-0728 kwenye sehemu ya Linux inayotunza funguo za siri: njia moja ya msimbo ilichukua rejeo na kusahau kuliachia. Kusahau mara moja ni uvujaji mdogo wa kumbukumbu. Kusahau mara 4,294,967,296 ni kurudi kwenye sifuri huku kitu kikiwa bado kinatumika, na mshambuliaji mwenye subira angeweza kufika huko kwa kurudia wito uleule wa mfumo (ombi la programu kwa kerneli), kisha akajitwalia mamlaka ya msimamizi. Mwaka uliofuata ikaja aina ya refcount_t, inayokwama juu ikizidi kiasi badala ya kuzunguka. Kitu kilichokwama hakivunjwi tena milele. Kinavuja, na kuvuja ni heri mara nyingi kuliko kumkabidhi mgeni kumbukumbu ya mtu mwingine. Mwaka 2019 Jann Horn alionyesha kwamba hata kihesabu cha kurasa za kumbukumbu kingeweza kuzungushwa kwenye mashine yenye kumbukumbu kubwa, takriban gigabaiti 140. Mashine za ukubwa huo sasa ni za kawaida kwenye vituo vya data.

Limebaki jambo moja ambalo sioni likizungumzwa vya kutosha, nalo liko nje ya kerneli. Faili kwenye mfumo wa Unix lina idadi ya majina yanayolielekea, na wito wa fstat hurudisha idadi hiyo pamoja na ukubwa, mwenye faili, tarehe na mengineyo. Anayeita fstat kwa kawaida anataka ukubwa au tarehe. Lakini mkataba wa wito unasema idadi ya majina nayo lazima irudi, tena iwe sahihi. Mfumo unaoihifadhi idadi hiyo kwa vijedwali vya kori ungelazimika kuzizungukia kori zote kwa ajili ya namba ambayo mwombaji ataitupa. Clements na wenzake walilionyesha hili mwaka 2013 kwenye kerneli yao ya majaribio, sv6, wakapendekeza wito ambao mwombaji anataja vipengele anavyovihitaji. Linux ilipata wito wa statx kwenye toleo la 4.11 mwaka 2017, nao una nafasi ya kutaja hivyo, ingawa kwa mifumo ya faili ya ndani ya mashine idadi ya majina bado hujazwa uitake usiitake.

Kwa hiyo ninaposoma msimbo mpya wa kerneli unaoongeza kihesabu, naanza kwa kutafuta mahali sifuri inapokaguliwa, kabla hata sijaangalia ni aina gani ya kihesabu kilichochaguliwa. Kama kuna mtu anayetangaza mwisho wa kitu, percpu_ref inatosha. Kama hakuna, na vitu ni vingi, naangalia kama wasomaji wanaweza kulindwa na RCU na rejeo likachukuliwa mwishoni tu. Kama kitu kinashikwa na kori moja au mbili, kihesabu cha kawaida cha refcount_t kinabaki pale kilipo, na ningempinga anayetaka kukibadilisha bila vipimo.